Dawa ya Picha ya Mgongo

Jumatatu, 9 Juni
Kusukuma mkokoteni tena. Viazi, vitunguu, viazi. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikakaa chini katikati ya soko la Warwick huku ugenini, watu wananiruka kama gunia. Kesho hospitali. Mashine ya picha ya sumaku imenikataa kwa sababu ya kipande cha chuma begani, nilichotoka nacho vitani Burundi. Basi watanidunga dawa kwenye uti wa mgongo ndipo picha ionekane. Nimechoka na mgongo huu.

Jumanne, 10 Juni
Wamenidunga. Daktari amesema ninywe maji mengi, nisilale chali, kichwa kiwe juu, dawa isipande ubongoni. Kichwa chenyewe kinagonga. Nimeegemea ukuta. Rajabu, Mtanzania ninayekaa naye chumba kimoja hapa mtaa wa Sydenham, ananicheka: "Leo kama bwana harusi jukwaani, unalala umekaa!"

Alhamisi, 12 Juni
Niko kitandani hospitali. Kuandika kunakubali kuliko kusema.

Jana Mama Chantal wa kanisani kwetu na kikundi chake cha maombi walikuja chumbani kuniona. Wakanilaza sakafuni waniombee. Nilitaka kusema niinueni. Yakatoka maneno yasiyo maneno. Niliyasikia mwenyewe. Nikaogopa sana. Wao wakashangilia! "Aleluya! Papa Josué amepokea lugha mpya ya Roho!" Nikihangaika, wanazidi kupiga makofi. Eish.

Rajabu akaingia kutoka kazini. "Jamani, hamuoni macho yake? Huyu anaumwa!" Akatafuta gari.

Daktari anasema dawa ya picha imesumbua ubongo. Hutokea mara chache. Kwa kawaida hupita. Kwa kawaida! Na isipopita? Nani atampa kazi mtu anayebwabwaja?

Ijumaa, 13 Juni
Maneno yanarudi, si yote. Kijiko nimekiita mlango. Mke wangu alipiga simu kutoka Bujumbura. Nikaiacha ilie. Jina lake halikuja mdomoni. Mke wangu! Nimelia kwa hasira.

Mama Chantal ametuma salamu. Jumapili nitoe ushuhuda kanisani. Aniache.

Jumapili, 15 Juni
Nimerudi chumbani. Mama Chantal hakwenda kanisani, alibaki kunipikia uji. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nikamwambia tu kwamba ilikuwa dawa. Akakoroga uji. Akasema lugha ile yeye ameiomba miaka mingi, hajapewa. Nikapokea bakuli la uji.

Alipoondoka nikapiga simu nyumbani, kwa mke wangu.

"Consolate," nikasema. "Consolate. Consolate."

Akauliza kama mtandao ni mbaya.

Nikasema ndiyo, mbaya kidogo.