Msalimie Bibi

3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako umepoa, au cherehani bado inakutesa? Mimi sijambo, ila kichwa kinanigonga tangu fainali. Niliruka kuokoa penalti: mpira nikaupata, nguzo ya goli nayo ikanipata. Tukashinda!

Jumamosi tunatuzwa. Mimi mwanamichezo bora, kocha wetu kocha bora, na mpishi anapewa medali kwa kuamka alfajiri kutupikia chai kila siku ya mazoezi. Ameshasuka nywele. Kisha waliotuzwa watacheza na walimu, nami nitakaa golini. Kwa hiyo habari ya kichwa usimwambie kocha, atanitoa. Ukuta hauugui!

Msalimie sana bibi. Mwambie soksi zangu azishone yeye, maana wewe wateja wako hawaishi.

Mwanao,
Ukuta

6 Juni, asubuhi

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, ila barua yako imenitoa jasho. Nimeirudia nikidhani unatania, lakini wewe humfanyii bibi mzaha.

Mwanangu, bibi yako tulimzika mwaka jana. Ulikuwepo. Ulinishika mkono huu huu ninaoandikia.

Simu ya shule haipokelewi. Basi limejaa, nimembembeleza dereva akuletee hii mwenyewe, nami nakuja na la kesho. Ukiisoma, nenda kwa muuguzi hapo hapo. Usicheze! Tuzo watakuletea hata kitandani. Naogopa, binti yangu. Nimeshona mkono wa shati la mteja kwenye shingo.

Baba yako

6 Juni, mchana

Baba,

Shikamoo. Barua imenikuta nafunga viatu. Nilicheka, nikasema baba kachanganyikiwa. Nikamsomea kocha naye acheke. Hakucheka. Akaniuliza fainali tulicheza na nani.

Baba, sijui. Nilitafuta kichwani, hamna kitu. Ndipo nikamlilia bibi upya.

Niko kwa muuguzi, tunasubiri gari la hospitali. Kocha hataki kutoka hapa, wakimwita akavishwe medali yake anatikisa kichwa tu. Sasa hivi wametangaza jina langu, nasikia makofi dirishani. Mpishi ndiye aliyekwenda kunipokelea. Macho yananiwia mazito, na kila nikiyafumba muuguzi ananiita kwa sauti kubwa. Dereva anaisubiri barua hii mlangoni. Njoo, baba.

Wasalimie wote nyumbani. Simtaji mtu, naogopa.

Mwanao