Habari za Leo? Nzuri

Raudha, nina hasira kweli.

Ile programu yetu ya kupokea wagonjwa, leo tumeijaribu zahanati huku Kambarage. Simu yenye programu ikamsalimia mgonjwa mmoja, Mama Apolonia, "Habari za leo?" Akajibu, "Nzuri."

Nzuri, Raudha. Mguu umevimba, homa imempanda, lakini kasalimiwa. Angejibu nini?

Programu ikaandika: mgonjwa hana tatizo. Ikamtoa kwenye foleni. Kakaa kwenye benchi masaa manne hajaitwa.

Nikamwambia bosi, Magesa. Eti, "Wagonjwa wafundishwe kujibu vizuri."

Wafundishwe!

Nikamwambia, "Siku tunamzika baba yako nilikuuliza habari za asubuhi. Ulinijibu nzuri."

Akafunga kompyuta yake, akatoka.