Bosi Ameombolezwa Akiwa Hai

Mpendwa mshauri, kabla hujaendelea nakusihi funga mlango, na ukiichapisha barua hii usiseme ofisi yetu iko wapi, maana nikijulikana nimekwisha.

Naomba msaada. Mimi ni karani kijana katika ofisi inayotoa viza za muda za kazi kwa wasanii wa kigeni, wale wanaokuja kuonyesha mila zao kisha warudi kwao, na wiki hii wamefika akina mama wanne ambao sanaa yao ni kuombolezea wafu kwa nyimbo, bosi akaniambia, "Dogo, kulia hata mwanangu analia. Waimbe hapo dirishani nisikie, la sivyo viza hakuna," nikawaambia, na kiongozi wao akanijibu kwa upole, "Mwanangu, hatuimbi bila marehemu, na wafu wetu hatuwaimbii dirishani. Basi tupe jina la marehemu wa kwenu," nami foleni yote ikinitazama sikumkumbuka mfu hata mmoja, macho yakaangukia kibao cha mlango wa bosi, likanitoka jina lake.

Mshauri, waliimba, kwa lugha yao, jina likamezwa na kilio! Mlinzi alivua kofia, na bosi mwenyewe akatoka akifuta macho kwa mkono wa shati, akauliza, "Kwani kafa nani?" nikasema ni mjomba wangu, akanipa pole, na papo hapo mhudumu akamwita bosi kwa jina lake, yule mama kiongozi akasikia, akanitazama. Baadaye akaninong'oneza kwamba aliyeimbiwa akiwa hai ni lazima asimame mbele yao, aitwe, aitike "Nipo", na mpaka hapo hawafungui kinywa kuimba, ilhali onyesho lao ni Jumamosi na viza bado ziko mezani kwa bosi bila sahihi. Nikimwambia atawanyima viza na mimi atanifukuza, nikinyamaza watapanda jukwaani mabubu, na tangu jana bosi anakohoa, kila akikohoa nasimama.

Usinipigie ofisini, simu anapokea yeye. Mpigie fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, namba nimeiweka nyuma ya bahasha, mwambie tu suruali ya karani iko tayari. Nitaelewa kuwa jibu limetoka.

JIBU

Pole, mwanangu, ila kikohozi cha bosi ni cha daktari, si changu wala chako. Barua nzima unamlilia yeye! Wenye kuumia ni akina mama wanne walioketi kwenye benchi lenu, sauti zimefungwa. Walilazimishwa kuimbia dirishani, wakakuamini, ukawapa jina la mtu anayetembea. Hapo ndipo ulipokosea.

Kesho mapema, kabla foleni haijajaa, ingia kwa bosi na useme, "Mjomba wangu hajafa. Jina nililotoa ni lako." Atafoka. Mwache afoke, maana anayefoka yu hai, na akina mama wanachotaka ni uhai huo tu. Akitulia, mlete kiongozi wao amwite, naye aitike. Akitishia kuwanyima viza, mkumbushe kwa adabu kwamba alilia mbele ya foleni nzima. Anataka ushahidi gani mwingine? Wewe huenda ukaonywa, huenda ukahamishiwa stoo. Kubali. Lakini usimwache mgeni apande jukwaani bila sauti kwa sababu wewe unaogopa mlango.

Fundi cherehani nimeshampigia. Suruali yako iko tayari. Ivae, uende.