Aliyemwita Mwaitu

Huruma, Nairobi
12 Oktoba 2025

Mama Ndindi mpendwa,

Hujambo dada? Joto la Mombasa umelizoea? Huku tuko salama, ila magoti ya Susu, nyanya anayekulelea Ndindi, bado yanamsumbua, hata kanisani hafiki.

Habari njema ni kwamba lile darasa letu la ukumbi wa kanisa limejaa! Kumbe kosa lilikuwa letu. Tulifundisha asubuhi, na asubuhi watoto wote wako machinjioni Kiamaiko wakiosha matumbo ya mbuzi. Nikasogeza masomo hadi saa nane, kazi ikiisha. Nikaweka na karai la maji na sabuni mlangoni, maana walikuwa wanaona aibu kunuka. Sasa Ndindi wako ndiye wa kwanza kufika. Anasoma mpaka magazeti ya kufungia nyama! Darasa zima tunamwita Mwaitu, kama nilivyokusikia ukimwita. Shule ya hapa jirani imekubali kumpokea Januari.

Dada yako,
Norah

Mombasa
26 Oktoba 2025

Mwalimu Norah,

Salamu. Mimi ni mzima. Naandika kwa sababu nikipiga simu nitakutukana.

Hilo Mwaitu ulipewa na nani? Ndindi amebeba jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana mimi, kama desturi ya kwetu Ukambani, humwita Mwaitu, yaani mama. Mimi! Si wewe Mjaluo, wala hao watoto wa akina nani sijui. Jina hilo ndilo pekee nililobaki nalo huku mbali.

Nikimpigia simu, ni mwalimu amesema, mwalimu amecheka, mwalimu amenisuka. Kumsuka! Mimi nafua mashuka ya wageni hotelini hadi vidole vinachubuka, na wewe umekaa na kichwa cha mwanangu mapajani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Norah. Nina wivu, ndiyo, na siombi radhi. Nimemwambia asikanyage hapo tena.

Mamake Ndindi, wa kumzaa

Huruma
16 Novemba 2025

Mama Ndindi,

Natumaini u mzima na hasira imepoa kidogo. Pole, dada. Haki ya Mungu sikujua. Nilidhani ni jina la kumbembeleza tu. Nimewakataza wote.

Lakini mtoto sasa yuko kwenye matumbo kutwa nzima. Nilimkuta Kiamaiko juzi, akainamisha kichwa kama hanijui. Akikaa hivi mpaka Januari, atasahau yote na hiyo nafasi ya shule itapotea.

Kwa hivyo nimeamua. Kuanzia kesho Walter, mwalimu mwenzangu, atafundisha peke yake. Mimi nitakaa nyumbani. Basi mwache arudi.

Na usifikiri wivu ni wako peke yako. Mimi sina mtoto. Jioni simu yako ikilia, alikuwa akiniacha na neno mdomoni, mbio, hata kwaheri hakuna. Hilo nalo linauma.

Norah

Mombasa
28 Desemba 2025

Norah,

Krismasi ilikuwaje huko? Mimi nimeila kazini, lakini afya ipo.

Barua yako ilinifurahisha, nisiseme uongo. Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamruhusu arudi, na Susu anasema haendi kwa kusukumwa, na Walter anafundisha vizuri.

Sasa shule inafungua Jumatatu ya tarehe tano, na wanataka aje na mtu mzima wa kumwandikisha. Nimeomba ruhusa hapa, nimenyimwa, wageni wamejaa. Susu hawezi kutembea mpaka huko. Nikamuuliza Ndindi kwa simu, utaenda na nani?

Akasema, 'Walter anaweza, mama.' Akabadilisha maneno haraka haraka, akaniuliza kama nimekula.

Norah, nilijua anakutaka wewe. Aliogopa kukutaja, nisiumie. Mtoto wa miaka kumi na miwili ananichunga mimi! Nililia pale pale kwenye mashine za kufulia mpaka msimamizi akaniuliza kama nimefiwa.

Nenda naye wewe. Wivu bado ninao, usije ukadhani umeisha, na siku hiyo nitakuwa nao kutwa. Lakini mshike mkono mpaka ndani. Wakikuuliza wewe ni nani wake, waambie umetumwa na mamake.

Dada yako,
Mama Ndindi