Mto wa Nyuma ya Baiskeli

Jumapili

Nilikasirika bure. Asubuhi niliteremka na baiskeli kutoka Makindye hadi vile vijia vitulivu vya pembeni mwa mji, karibu na Ggaba, maana tangu mke wangu Zaina afariki, nyumba haikaliki siku za Jumapili. Nimesimama kufuta jasho, mama mmoja muuza samaki akapanda nyuma na beseni lake.

"Ssebo, bwana wangu, nipeleke Buziga."

"Mama, mimi si boda!"

"Kama si boda, huu mto wa kukalia umemwekea nani?"

Zaina aliushona mwenyewe, akaukalia kila Jumapili nikimtembeza.

Nikampeleka. Mlimani magoti yaliniuma, na huu moyo wangu nao... Lakini mama aliniombea dua mpaka juu. Alhamdulillahi. Mwaka mzima baiskeli ilikuwa nyepesi mno. Leo imerudia uzito wake.