Karatasi za Mtihani wa Pili

Leokadia, mwanangu,

Karatasi za mtihani wa pili hazikupotea. Nilizificha mimi. Zimo humu nyumbani kwangu Nyakahura, kwenye sanduku la nguo chini ya kitanda changu, zimefungwa kwa kamba ileile uliyozifungia.

Daktari amekuwa mpole mno siku hizi, nami najua maana yake.

Mafunzo yale uliyaanzisha mwenyewe maktabani kwetu chuoni: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wajue kutafuta taarifa, na kuipima kabla ya kuiamini. Mtihani mmoja kabla ya mafunzo, mwingine baada, bila majina, ili mtu asione haya. Wa kwanza uliusahihisha wewe. Wa pili ulinikabidhi mimi, mkuu wako niliyepewa kazi ya kutathmini. "Mzee Kadi," ulinitania hivyo kwa sababu ya makabati yangu ya kadi za vitabu, "mpishi hajisifii mboga. Onja wewe."

Nilionja. Mwanzo wengi walikuwa wameanguka; safari hii walifaulu, karibu wote.

Nikasema zimepotea tulipohamisha stoo. Ulizitafuta wiki nzima, ukipiga magoti chini ya rafu, nami nikikushikia tochi. Nilikushikia tochi, Leokadia! Kisha nikaiandikia kamati: hakuna ushahidi kwamba mafunzo yanasaidia. Yakafutwa.

"Labda sikujua kufundisha, Mzee," ulisema, ukarudi kwenu Murukulazo kulima. Ulikufa ukiamini hivyo. Siku ya mazishi mama yako alinishika mkono: "Asante kwa kumlea mwanangu." Niliitikia. Mungu anisamehe, niliitikia.

Juzi mjukuu wangu Jeni aliniletea simu. Dawa ya kuponya moyo kwa siku saba, na picha ya daktari mwenye koti jeupe. "Babu, tuagize? Wanasema ipo Nyakanazi." Nikamuuliza maswali yako: nani kasema, amejuaje, ananufaika na nini? Akatazama tena, akacheka. "Babu we! Kumbe hata jina hana!" Nikageukia ukutani, asinione.

Jeni atazipeleka karatasi chuoni, pamoja na maelezo niliyoyatia sahihi. Mama yako atasomewa barua hii yote. Nimeahidi, na safari hii nina shahidi. Kwaheri, mwanangu. Tukionana sitaleta udhuru. Nitakuamkia mimi, shikamoo, nawe uitikie ukiweza.

Limebaki moja, nalo ndilo zito.

Katika mtihani wa kwanza palikuwa na karatasi mbaya kuliko zote, imeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Aliyeijaza aliuamini ukurasa usio na mwandishi, eti kwa kuwa una picha ya daktari. Ilikunyima raha. "Huyu tusimwache, Mzee," ulisema, ukabandika tangazo mlangoni, ukawa unabaki kila Ijumaa baada ya kazi kumngoja aje umfundishe peke yake. Hakuja. Kisha ukapendekeza awamu ijayo wafanyakazi wote wafanye mtihani, hadharani, kuanzia mkuu wa maktaba. Hapo ndipo nilipozificha zile za pili.

Karatasi ile niliijaza mimi, ofisini, mlango nimeufunga, nikaichomeka katikati ya za wanafunzi. Uliyekuwa ukimngoja alikuwa chumba cha pili, anasikiliza viti vyako ukivipanga.