Njiti ya Kiberiti Ndani ya Rilei

Marahaba, Neema. Hapa Mwankoko hatujambo, ila goti la bibi yako limeanza tena, na mbuzi wa jirani wamemaliza mtama wangu huku nawatazama.

Sasa hilo swali lako! Eti msimamizi wako anasema rilei, kifaa chenyewe cha kukata umeme hatari ikitokea, haijawahi kusumbua, kwa hiyo usaini tu bila kuipima? Mjukuu wangu, umenipandisha presha.

Enzi za Ujamaa nilikuwa fundi kwenye mitambo ya dizeli hapa Singida. Kila ilipowashwa mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara, rilei ilikata umeme. Kuipima na kuirekebisha kulitaka nizime laini nusu siku. Lakini kina mama walikuwa kwenye foleni na uwele wao, na mmoja, mama wa binti niliyemposa, akaja hadi mlangoni.

"Baba, utatulaza njaa?"

Mkwe hakataliwi. Nikachomeka njiti ya kiberiti ndani ya rilei isiweze kukata, nikasaini kitabuni kwamba nimeipima.

Mchana huohuo upepo ulikata waya wa umeme, nao ukaanguka kando ya foleni ukitoa cheche, mkwe wangu akiwa hatua mbili tu. Rilei kimya! Nikakimbia kuvuta swichi kwa mkono.

Walinishangilia, Neema. Nikarudi kuichomoa ile njiti kabla mtu hajaiona.

Ipime hiyo rilei, wakununie wakitaka. Na barua hii usimsomee bibi yako. Mpaka leo anasimulia watu kwamba nilimwokoa mama yake.

Babu yako